Datsun Inang'aa, Breki Je?

Baridi la Mbeya linasemaje huko kwenu? Huku Forest asubuhi ukifungua mdomo unatoka moshi, watu wanadhani umeanza sigara kumbe unasalimia tu. Haya, vaeni makoti tukae kitako. Leo nina kisa, na baada ya kisa kuna somo. Ukisoma kisa ukaruka somo, shauri yako.

Nina mshikaji wangu mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado anatafuta mchumba. Huyu bwana ana Datsun 240Z. Sio zile Datsun pikapu za kubebea viazi kutoka Uporoto, hapana. Hii ni ile ya michezo, viti viwili, milango miwili, mgongo umelala, pua ndefu kana kwamba inanusa kitimoto cha Mwanjelwa. Rangi nyekundu, boneti nyeusi. Ikipita Mafiati hata makonda wanasahau kuita abiria.

Basi bwana, Ijumaa moja jamaa akaamua kwenda kujirusha Matema, kule ufukweni kwa Ziwa Nyasa. Pembeni kamweka sista mmoja wa haja. Gari limeoshwa, limepigwa polishi mpaka ukiliangalia unachana nywele. Muziki upo, manukato yapo. Wakaiacha Uyole, wakapanda kwenye ukungu, kisha wakaanza kuteremka Tukuyu.

Wanaoijua barabara ile wananielewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko karibu mita 500 tu. Yaani ukienda Matema unashuka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini, kona juu ya kona, chai upande huu, migomba upande ule.

Jamaa akashuka kwa mguu mmoja. Gia ya nne, kiatu juu ya breki, mdomo kwenye stori. Baada ya muda sista akauliza, "Hivi kinachonuka ni nini?" Jamaa akajibu, "Watu wanachoma mkaa." Kona mbili mbele, pedali ya breki ikazama mpaka chini kama amekanyaga uji. Akapampu. Hola. Akapampu tena. Hola.

Mungu bariki alikumbuka gia. Akashusha ya tatu, akashusha ya pili, injini ikapiga kelele kijiji kizima, akavuta handibreki kidogo kidogo, na gari likaenda kusimama ndani ya migomba ya watu. Ubavu umechubuka, kioo cha pembeni kimekwenda, lakini hakuna aliyeumia. Bibi mwenye shamba akatoka, akawaangalia, akasema, "Wanangu, ndizi zinauzwa sokoni. Huku haziokotwi kwa gari."

Sista alirudi Mbeya na Hiace siku ile ile. Simu yake mpaka leo inaita tu.

Sasa sikieni ajabu. Walipokaa kama nusu saa, jamaa akajaribu breki. Zimerudi! Ngumu, nzuri, kama hazijawahi kukosea. Akaanza kusema bibi wa migomba ana mambo yake. Nikamwambia acha kumsingizia bibi wa watu, Jumatatu twende kwa fundi.

MZEE ACHOVYA KIDOLE

Fundi wetu ni mzee wa siku nyingi, spana alianza kuzishika enzi za malori ya kwenda Zambia. Hana haraka, hana maneno mengi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Imefanya nini?"

Jamaa akaeleza yote, na migomba akaitaja. Mzee hakugusa gurudumu. Alifungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akakitoa kimekuwa na rangi ya kahawa.

"Umebadilisha lini haya?"

Jamaa kimya.

"Nimekuuliza mafuta ya breki, sijakuuliza jina la babu wa babu yako."

"Mzee, mimi nikiona yamepungua naongeza."

"Kuongeza sio kubadilisha, mwanangu. Ukiongeza maji safi kwenye matope unapata matope mengi."

Akatueleza, nami nawaeleza nyie. Mafuta ya breki yana tabia ya ulevi: yanakunywa maji kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka. Kwa mvua na ukungu wetu huu, kiu yao haikosi kinywaji. Mafuta yaliyoandikwa DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishalowa maji, kiwango kinashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishalowa. Sasa ukishuka Tukuyu mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, joto la diski na pedi linaingia kwenye mafuta, mafuta yanachemka, unatokea mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea kama sponji. Ndio maana mguu ulizama. Gari lilipopoa mvuke ukarudi kuwa maji, breki zikarudi. Bibi hana kosa.

Dawa yake ni nini? Kubadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linalala tu bandani. Kwa kawaida mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipo, mpaka yatoke masafi bila mapovu. Na nyie wapenda polishi mjue: mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, yanaila. Futa na osha kwa maji hapo hapo.

Na mlima, wapenzi, unashukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Hiyo haina mjadala.

USHINDI WA BILA DOA

Jamaa akajitetea. "Lakini mzee, hii gari ndio ilishinda Safari Rally. Ni ngumu hii!"

Hapo alisema kweli nusu. Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwaka 1969 na ilitengenezwa mpaka 1973, zaidi ya 150,000. Safari Rally nayo ilizaliwa mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilikuwa na sifa ya kuua magari ya Ulaya kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akishirikiana na Hans Schüller, alishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, kwa 240Z hiyo hiyo aina.

Ushindi wa 1973 una siri yake. Mehta alimaliza sawa kwa alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Ngoma droo! Wakaamua kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta akapewa kombe. Mnaona? Hawakuuliza nani ana mbio, waliuliza nani alikaa muda mrefu bila doa. Baadaye Mehta alichukua tena kombe lile miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Na magari yale hayakuwa yakingoja kuharibika. Mafundi walikuwa wakiyasubiri njiani na spea mkononi, yakifika yanakaguliwa na kubadilishwa vitu kabla havijafa. Sasa wewe wa Mbeya unataka ugumu wa Safari bila sevisi ya Safari. Utaupata wapi?

Kwa hiyo tukamwomba mzee atupe ratiba. Nimeinakili hapa kwa ajili ya 240Z, lakini mwenye gari lolote la zamani lenye kabureta na platini, iwe Peugeot 504 au Escort ya mjomba, atapata lake. Vipimo tu ndio afuate kitabu cha gari lake.

KILA KILOMITA 5,000: OILI

Mwaga oili injini ikiwa na uvuguvugu, badilisha na filta yake. Oili nzito kama 20W-50 ya kawaida inafaa, ila soma kopo: injini hizi za zamani zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kamu inasuguana na mikono ya valvu chuma kwa chuma. Baadhi ya oili za magari ya kisasa zimepunguziwa zinki hiyo. Mwenye kuendesha kidogo asidanganyike na kilomita. Gari likikaa mwaka halijatimiza 5,000, badilisha hivyo hivyo.

Ukiingia chini, weka stendi. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala usiniletee habari za mawe na matofali. Na oili chafu usimwage mtaroni, weka kwenye dumu umpelekee fundi.

Hapo hapo fungua vifuniko viwili vidogo juu ya kabureta, angalia kile kioili chembamba cha ndani. Kikikauka gari linakwama ukikanyaga ghafla, na wewe utabadilisha nusu ya injini kutafuta ugonjwa wa kijiko kimoja cha oili.

KILA KILOMITA 10,000: PLAGI NA PLATINI

Fungua plagi zote sita uzipange mezani kwa namba, zinaongea kuliko mwenye gari. Yenye rangi ya biskuti ina afya. Nyeusi ya masizi, petroli inazidi. Nyeupe kama mfupa, petroli haitoshi na moto ni mkali. Yenye oili, kuna kazi kubwa inakuja, anza kuweka akiba.

Nafasi ya plagi kwa 240Z ni milimita 0.8 hadi 0.9. Platini ni milimita 0.45 hadi 0.55. Zikiwa na mashimo usizipige msasa kila wiki kama kucha, nunua mpya. Ukigusa platini lazima upime na taiming, maana nafasi ikibadilika, saa ya kuwaka moto nayo inabadilika. Ukirudisha waya ukasahau mpangilio, injini ya silinda sita inawaka hivi: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Iandike ukutani.

Mzee alipozitoa plagi za jamaa zilikuwa nyeusi tii, zote sita. Akacheka. "Hii gari ilitoka Dar, eeh?" Kweli, jamaa aliinunua Dar.

KABURETA NA HEWA YETU

Hili ndilo jambo la watu wa Mbeya na Iringa, wa pwani wanaweza kuliruka. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,700 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Kabureta halijui kwamba limehama. Linaendelea kumimina petroli karibu ile ile kwenye hewa iliyopungua, ndio maana plagi zinaota masizi, gari linanuka petroli na kunywa kama lina msiba. Nguvu nayo inapungua, na hapo hakuna fundi wa kuilaumu, ni mlima.

240Z ina kabureta mbili, na kila moja ina nati chini yake ya kupunguza au kuongeza petroli. Inageuzwa kidogo kidogo, injini ikiwa ya moto, na zote mbili kwa kiasi kimoja. Moja ikivuta huku nyingine imelala, utasikia gari linakohoa kama limelala nje. Kabla ya hapo safisha filta ya hewa, au badilisha, maana filta iliyoziba vumbi inaweza kukudanganya kwamba kabureta ndilo bovu.

Sasa angalizo, na hili mzee alilirudia mara mbili. Ukishapunguza petroli kwa ajili ya Mbeya halafu ukateremka kuishi Dar au Tanga, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa haitoshi. Injini inachemka ndani kimya kimya, mpaka valvu au pistoni iungue. Ukihama, hama na bisibisi. Seti upya.

KILA MWAKA: VALVU NA MAJI

Pima nafasi ya valvu kwa fila geji. Kwa injini ya 240Z ikiwa ya moto, ya kuingizia ni milimita 0.25 na ya kutolea ni 0.30. Ikiwa baridi ni 0.20 na 0.25. Watu wengi wakisikia kelele ya tiki-tiki ndio wanakumbuka valvu. Kelele kidogo sio balaa. Balaa ni valvu iliyobana ikanyamaza, kwa sababu haifungi vizuri, haipoi, mwisho inaungua. Magari haya yalizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, na huku kwetu kusini mwa Sahara petroli hiyo iliachwa kuanzia mwaka 2006. Kwa hiyo valvu za gari la zamani ni za kupima kwa tarehe, sio kwa masikio.

Maji ya rejeta sio maji ya bomba. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu na bloku ni ya chuma, ukitia maji matupu vinagombana ndani na aluminiamu ndiyo inaliwa. Tia kulenti, badilisha kila miaka miwili pamoja na mafuta ya breki ili usisahau. Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima unabana presha na kuyazuia yasichemke mapema. Uliolegea ni wa bei ndogo kuubadilisha. Kichwa kilichopinda sio cha bei ndogo.

Malizia na fenibelti, mipira ya maji, oili ya gia boksi na difu, pedi za mbele, na shuu za nyuma ambazo zimejificha ndani ya ngoma na hakuna anayezikumbuka.

SPEA JE?

Najua mnachotaka kuniuliza: spea za 240Z Mbeya utazitoa wapi? Taa na vioo mtahangaika, sikatai. Lakini injini ina ndugu wengi. Ukoo ule ule wa injini uliwekwa kwenye Datsun za kawaida za miaka ya 70, na kaka yao mkubwa alikuwemo kwenye baadhi ya Nissan Patrol za petroli za miaka ya 80. Kwa hiyo vitu vya sevisi kama filta na platini nenda na cha zamani mkononi, linganisha dukani. Usitaje "240Z" mlangoni, ukitaja gari la michezo bei inapanda ngazi kabla yako.

DAFTARI LA SHULE

Mwisho wa siku jamaa akauliza deni. Mzee akataja hela yake, halafu akaongeza sharti: alete daftari la shule. Jamaa akadhani utani. Tukaenda Sokomatola tukanunua, la kurasa 48. Mzee akaandika mwenyewe ukurasa wa kwanza: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na chini kabisa tarehe ya kurudi. Akamkabidhi.

"Mwanangu," akamwambia, "mgonjwa ndiye anayekwenda hospitali akiumwa. Gari la zamani linakwenda kwa tarehe. Likikwambia linaumwa, mara nyingi limekwambia kwenye kona."

Hayo maneno, wapenzi, ndiyo yaliyonifanya niandike safu hii badala ya ile ya mitindo ya nywele niliyowaahidi. Vijana wengi tunanunua magari ya zamani kwa sababu yanapendeza. Tunatoa hela ya rangi, hela ya rimu, hela ya spika zinazotikisa madirisha ya jirani. Hela ya kopo moja la mafuta ya breki inakosekana. Na pembeni yako, kumbuka, kuna mtoto wa mtu amekaa akiamini unajua unachofanya.

Majuzi jamaa alishuka tena Tukuyu. Gia ya pili kwenye mteremko, taratibu, malori yanampita na yeye wala hajali. Alisimama kwa yule bibi, akamlipa migomba yake, akanunua na mkungu mmoja juu. Bibi akamwombea safari njema. Daftari lilikuwa kwenye dashibodi, limejaa kurasa mbili.

Sista bado hapokei simu. Hilo, mzee amesema, halimo kwenye ratiba ya sevisi.

Tukutane wiki ijayo, na ile mitindo ya nywele nitaileta, sijasahau. Kwaherini!